Majivu ya Mabua ya Maharagwe

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula mahindi bila maharagwe. Watu wa huku kwetu, juu ya Bahati, huhitaji kuwatajia tarehe. Waambie tu ule mwaka wa githeri ya upande mmoja, ile pure ya mahindi na maharagwe iliyokosa maharagwe, watashika tumbo wacheke. Maharagwe yalitoa maua mazuri kabisa, halafu jua likayakausha yakiwa yamesimama shambani. Mabua tulipata. Maganda tulipata. Ndani ya maganda hakukuwa na kitu. Basi tukachemsha mahindi peke yake, tukatia chumvi, na mboga yetu ikawa sukuma iliyozeeka shambani mpaka majani yakawa magumu kama ngozi ya kiatu.

Kwaresima ikatukuta hivyo. Padre alipita kwenye kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini, akabariki majivu mapema, kwa sababu ana vigango vingi na Jumatano ni moja. Akatuambia kila mtu atafute kitu cha kuacha kwa siku arobaini. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu, jirani yangu wa miaka mingi, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mbuzi walio nje waliisikia.

"Nyama iliniacha yenyewe tangu Krismasi. Sasa mimi nimwache nani?"

"Acha tumbaku," mke wake akamwambia.

"Hiyo ni dawa."

Kanisa zima likacheka, padre akiwa wa kwanza. Namshukuru Mungu kwa watu kama hao. Njaa ikikaa na mtu anayejua kucheka, inachoka haraka.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini majivu ya Jumatano nayajua kuliko mtu yeyote kigangoni kwetu, na nasema hivyo bila kuona haya. Kazi ya kuyatengeneza ilikuwa yangu. Jumapili ya Matawi tunapunga matawi, tunaimba, tunaingia kanisani kwa kelele, halafu kila mtu anaenda na lake nyumbani. Analichomeka juu ya mlango au nyuma ya picha, likauke hapo mwaka mzima. Wengine wanasema linazuia radi. Sijawahi kubishana na mtu kuhusu radi, maana huku kwetu inapiga vibaya. Kabla Kwaresima nyingine haijaanza, tunayarudisha matawi, tunayachoma, na hayo ndiyo majivu tunayopakwa. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha, nilipoolewa Molo, kwenye baridi ile inayopendwa na viazi. Alikuwa akiyachoma ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Aliniambia, "Unaona haya? Ni yale tuliyopunga tukimshangilia Bwana. Kelele zetu zote zinaenea kwenye kijiko." Nimesikia mahubiri mengi marefu tangu siku hiyo, na bado hayajaishinda ile sentensi ya mama mkwe.

Mwaka ule nikachukua kikapu changu kama kawaida, nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza, mama aliyeniita shosho, yaani bibi, kama wote huku, akatazama chini.

"Shosho, nisamehe. Mbuzi alikuwa analia na nyasi hakuna."

"Ukampa tawi la Bwana?"

"Nilimpa. Na akalia tena."

Nyumba ya tatu, ng'ombe aliyezaa alikuwa amelimaliza. Nyumba ya saba, walisema mvulana alilitumia kuwasha jiko. Kufika mwisho wa mtaa nilikuwa na matawi ya kushikwa kwa mkono mmoja. Nikayachoma, na majivu yakafunika tu sehemu ya chini ya kikombe.

Hapo ndipo ilinipasa nimwambie katekista, mwalimu wetu wa dini. Angepanda pikipiki yake akaenda mjini, parokiani, akaomba kidogo. Lakini nilijiambia, miaka yote hii sijawahi kupungukiwa, leo ndiyo nitatangazwa nimeshindwa na majivu? Jikoni nilikuwa na kopo la majivu mengine. Yale mabua matupu ya maharagwe, mzigo mmoja nilikuwa nimeuchoma ili nipate magadi. Sisi akina mama wa zamani tunajua: unatia majivu ya maharagwe kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji, na kile kinachodondoka ni magadi. Ukitia kidogo kwenye sufuria, mboga ngumu inalainika. Nikasema moyoni, majivu ni majivu. Nikayachanganya na yale ya matawi, nikayachekecha kwa kitambaa, yakatoka laini kama unga wa kusaga mara mbili. Padre akayabariki yakiwa hivyo.

Katekista alipoyachukua akasema, "Shosho, mwaka huu umejishinda mwenyewe!"

Nikainua kichwa changu. Nilikiinua sana.

Nisilolijua ni kwamba mwaka uliotangulia upepo ulirusha majivu makavu kwenye macho ya watu, na safari hii katekista alikuwa ameamua kuyalowesha. Jumanne jioni akatia maji kwenye bakuli, akakoroga, akafunika, akaacha mpaka asubuhi. Wewe mama unayepika, umeshajua alichokuwa amefunika.

Jumatano tukapanga mstari. Katekista akatupaka msalaba kwenye paji la uso mmoja baada ya mwingine, akitukumbusha kwamba tulitoka mavumbini na huko tunarudi. Wakati huo haikuwasha sana. Wengi wetu tulienda zetu, mwingine kukamua, mwingine kuchota maji, mimi kupika, na jasho likitoka tulijifuta kwa mkono au kwa leso. Jioni watu walikuwa na wekundu kidogo, kama mtu aliyeumwa na mbu wengi mahali pamoja. Katekista naye kidole gumba kilibabuka, akafikiri ni petroli ya pikipiki.

Aliyeungua hasa alikuwa mmoja tu.

Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyehamia huku kutoka Rhonda, mtaa wa mjini, akiwa na mapacha wa kike. Tulimwita Mama Pacha. Alipanga chumba karibu na maduka, akawa anauza chai na mandazi asubuhi. Watu walisema huko alikotoka alikuwa akihudumu kwenye baa. Labda ni kweli. Na wanaume wa hapa waliowahi kuinywa hiyo bia, hakuna aliyekaa kuwahesabu. Lakini nisijifanye mtakatifu. Hata mimi sikumpenda. Sikupenda suruali zake, na sikupenda kicheko chake, ambacho kilikuwa kinafika mpaka kwangu kabla yake.

Alikuwa kwenye mafundisho ya ubatizo, abatizwe Pasaka. Siku moja nikifagia kanisa niliwakuta yeye na katekista wamepanga punje za mahindi kwenye benchi. Alikuwa amehesabu siku, toka Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka.

"Mwalimu, hapa mmetuibia," akasema. "Si arobaini. Ni arobaini na sita."

Katekista akacheka, akatoa punje sita akaziweka kando. "Hizi ni Jumapili. Jumapili hatufungi hata Kwaresima, kwa sababu Jumapili ni siku ya kufufuka. Zilizobaki ndizo za Yesu jangwani."

"Kwa hiyo Jumapili naweza kula mandazi yangu?"

"Kula, lakini uniletee na mimi."

Mimi nimefunga Kwaresima tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kuhesabu. Nilifagia pale nikijifanya sisikii.

Katekista alikuwa amewaambia wanafunzi wake kwamba majivu hayaoshwi kwa haraka kana kwamba mtu anayaonea haya. Basi sisi wakongwe tukajifuta, na yule mgeni akatii. Alikaa nayo mchana kutwa, akalala nayo. Alhamisi alipoosha uso, ngozi ilitoka pamoja na majivu. Ikabaki mistari miwili myekundu, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, kama mtu aliyepigwa pasi.

Jumapili kanisa zima lilimwona. Jumapili iliyofuata watu wa makanisa mengine wakaja kumwona. Benchi zikajaa. Kwaya ikapata sauti mpya nne. Na kwenye kisiagi, tulipokuwa tukingoja mahindi yetu yasagwe, maneno yakaanza.

"Moto unajua wake," mmoja akasema.

"Si mliona? Amechorwa kama ng'ombe wa bwana fulani."

"Sisi wote tulipakwa bakuli moja. Mbona sisi hatukuiva?"

"Rhonda imemfuata mpaka kanisani."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Sikusema neno, ingawa nilikuwa nimeshajua. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa natia magadi kwenye sukuma, tone likaingia kwenye ufa wa kidole changu, na likachoma. Nikakitazama kile kidole. Nikalitazama kopo. Nikakaa chini kwenye kigoda. Kutoka hapo mpaka nilipofungua mdomo zilipita siku tisa. Nazikumbuka zote tisa, kwa sababu ndizo zinazoniuma mpaka leo. Sehemu nyingine za hadithi hii huwa nazicheka.

Ijumaa tulikutana kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, majirani wote tunaosali pamoja. Mwenyekiti ni mama mwenye sauti ya kengele, mchapakazi, na ukiugua atakuwa wa kwanza kukuletea uji. Simsemi vibaya. Tulipomaliza Njia ya Msalaba, akasema jina la yule msichana, Mama Pacha, liondolewe kwenye orodha ya ubatizo mpaka mwaka ujao, tuangalie mwenendo wake. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameacha kuja.

"Katekista, hebu tufundishe," mwenyekiti akasema. "Haya majivu, mwanzo wake si yalikuwa ya watenda dhambi?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Zamani sana yalikuwa ya wale ambao dhambi yao inajulikana na kila mtu. Walivaa gunia, wakapakwa majivu, wakatolewa nje. Walirudishwa Pasaka ikikaribia."

"Mmesikia?" Akatugeukia.

"Sijamaliza, mama. Wale waliobaki ndani waliwatazama wa nje, wakajijua. Wengine wakaenda wakainamisha vichwa wapakwe pamoja nao. Baadaye wengine, na wengine, mpaka ikawa watu wote, hata maaskofu. Na huu mfungo tunaofunga, sehemu kubwa ulikuwa wa wale wanaojiandaa kubatizwa. Waliobatizwa zamani waliona aibu kula wenzao wakishinda njaa. Wakafunga nao."

Mzee wa tumbaku akakohoa. "Yaani hii Kwaresima ni yao. Sisi tumedandia."

"Tumedandia, mzee."

Mwenyekiti akasema hayo ni mambo ya zamani, tutaamua Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshika rozari yangu. Miaka yote hiyo nilichoma yale matawi nikifikiri najua kila kitu kuhusu majivu.

Jumamosi asubuhi nikachukua kopo langu, nikateremka mpaka madukani. Nikapiga hodi.

"Karibu, shosho," akasema. Alishtuka kuniona. Mapacha walikuwa sakafuni wakigombania andazi moja. Alikuwa amejipaka mafuta ya maziwa kwenye paji la uso, na leso ameivuta chini ili ifunike.

"Mbona huji kanisani?"

"Nimemwambia mwalimu anitoe kwenye orodha."

"Kwa nini?"

"Shosho, si Mungu ameshaandika?" Akavuta leso juu. "Wote mlipakwa. Ni mimi tu nimeungua. Nilikuwa nafikiri hajui nilipotoka. Kumbe anajua, na ameniambia nisikaribie."

Hakulia. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya mandazi. Maneno ya kule kwenye kisiagi ningeweza kuyavumilia, lakini haya sikuweza. Nikakaa bila kukaribishwa. Nikaweka kopo mezani.

"Unajua hii ni nini?"

"Majivu."

"Ni ya maharagwe. Ni ya kupika magadi. Matawi hayakutosha, nikaona haya kusema, nikachanganya. Katekista akayatia maji usiku kucha. Sisi tulijifuta mapema. Wewe ulifanya ulivyoambiwa."

Akatazama kopo, akanitazama, akatazama kopo tena.

"Yaani nimepikwa?"

"Umepikwa."

"Kama sukuma?"

"Kama sukuma ngumu ya mwaka huu."

Kile kicheko chake kikatoka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mapacha wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini, na mimi nikacheka machozi yakinitoka. Halafu akakata ghafla, kama redio iliyoishiwa na betri.

"Na ulijua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ulinisikia nikisemwa?"

"Nilisikia. Kwenye kisiagi. Nilikuwa na ndoo yangu."

Hakusema eti si kitu. Hakuniambia nisijali, shosho, yameisha. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa sababu angesema hivyo ningerudi nyumbani nikalala vizuri. Alimimina chai kwenye kikombe chake kimoja kizima, chai ya maziwa, mwaka ambao maziwa yalikuwa ya kuomba. Akanisukumia.

"Kunywa," akasema. "Ukimaliza, uende uwaambie wao."

Nikanywa. Sijawahi kunywa chai nzito kama ile.

Wacha nitangulie kidogo hapa, mkono wangu unaandika polepole na sitaki mtu abaki na wasiwasi. Msichana alibatizwa Pasaka ile ile. Mama wa ubatizo wake ni mimi. Aliniomba mwenyewe, na nilipouliza kwa nini, akasema anataka mtu ambaye hawezi kumwambia chochote kuhusu dhambi. Mapacha sasa wako shule, wananisomea barua na ujumbe wa simu, na wakisoma natembeza macho kwa majirani nione nani anasikiliza wajukuu wangu. Nina wajukuu kumi na mmoja wa damu na hawa wawili wa majivu, na sitofautishi. Alama kwenye paji la uso imebaki mstari mwembamba, ukiitafuta utaiona. Majivu bado nachoma mimi. Katekista huyajaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, nyuma ya kiganja, anangoja kidogo, ndipo anasema asante. Simlaumu. Kila Jumatano hiyo ninapopakwa, nashukuru kwamba nimesimama kwenye mstari mmoja na watu, wala si mbele yao.

Sasa turudi Jumapili ile. Ibada ilikuwa imekwisha, kanisa lilikuwa limejaa mpaka wengine walisimama nje dirishani. Watu wangekaa wafanye uamuzi. Nilimwita mwenyekiti nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji, nikamwonyesha kopo, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. Akafikiri. Kisha akanishika mkono kwa upole, kama mtoto wangu angenishika.

"Shosho, umefanya vizuri kuniambia mimi kwanza. Sasa sikiliza. Msichana tunamrudisha kwenye orodha leo leo, nakuahidi. Nitasema tumeomba na amesamehewa. Kidonda kitapona. Lakini hii ya maharagwe ibaki hapa kwenye tangi, mimi na wewe."

"Kwa nini ibaki?"

"Umeona watu walivyojaa? Kuna wanaume pale ndani hawajaingia kanisani tangu siku ya arusi yao. Wamekuja kwa sababu ya hiyo alama. Tukiwaambia ni magadi ya mboga, Jumapili ijayo utaimba na viti. Na wewe, heshima yako ya miaka mingi, unaitupa ya nini? Yeye atabatizwa, kanisa limejaa, jina lako safi. Nani ameumia hapo?"

Sitadanganya, ilikuwa tamu. Niliionja. Yeye apate ubatizo wake, na mimi niendelee kuinua kichwa. Lakini amesamehewa nini? Tukisema amesamehewa, basi tumesema kulikuwa na kitu, na moto ulikuwa wa kweli, na mapacha wake watakua wakiambiwa mama yenu ni yule aliyepigwa chapa na Mungu. Na yeye mwenyewe aliyekuwa ameanza kuliamini hilo, angelisikia likitangazwa kutoka mbele ya kanisa, mimi nikiwa benchi la kwanza na rozari yangu.

Nikamwambia, "Siwezi. Majivu yalikuwa yangu, dhambi haikuwa yake."

"Shosho, tafadhali. Wewe ni mtu mzima. Watakucheka mpaka sokoni. Watakuita Mama Magadi."

Watu walikuwa wameanza kutoka, wakazunguka upande wetu kuona mwenyekiti amekwama wapi. Mzee wa tumbaku alikuwepo, na wale akina mama wa kwenye kisiagi, na katekista na kidole chake. Nyuma kabisa alisimama Mama Pacha, mtoto mmoja kila mkono, leso ameivua. Mwenyekiti akanifinya mkono, akaninong'oneza nifikirie tena. Nikautoa mkono wangu. Nikapanda juu ya lile jiwe la kuwekea ndoo, magoti yakilalamika, nikainua kopo ili walione, na nikasema kwa sauti ya kufika nyuma:

"Siwezi. Majivu yalikuwa yangu, dhambi haikuwa yake."